Nilichaji simu ya mlinzi kwenye ndege, umeme ukakata tukiwa juu ya Kimbiji

Wakuu, heshima kwenu. Naandika jambo ambalo hata mke wangu nimemsimulia nusu tu. Sitaongeza chumvi, maana lilivyo linatosha.

Mimi ni rubani wa ndege ndogo, zile za injini moja na viti sita. Makazi Kibamba, pembeni mwa Dar, kwa hiyo kukatikiwa na umeme nimezoea. Ila sio nikiwa angani.

Siku hiyo nilitumwa kiwanja kimoja cha udongo huko Rufiji, kumchukua mama mmoja na binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa ameanguka, mkono umevunjika vibaya. Kituo cha afya waliufunga kwa vibao wakasema apelekwe Dar haraka.

Nikatua, wenyewe bado wako njiani.

Kiwanjani yupo mlinzi, mtu mzima sana. Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Halafu akatoa simu mfukoni.

"Mwanangu, nichajie kidogo. Sola yetu imekufa wiki nzima."

Wakuu, nyie mngekataa? Mtu umri wa baba yako? Nikawasha swichi kuu ya ndege, nikachomeka simu, tukakaa kivulini kupiga stori za mpira. Kama masaa mawili hivi.

Sasa, swichi kuu ikiwa imewashwa haichaji simu tu. Inalisha redio na makorokoro mengine yote, na injini ikiwa imezimwa hakuna kinachorudisha umeme kwenye betri. Nalijua hilo tangu darasani. Nilisahau kabisa.

Abiria wakafika. Nikampa mzee simu yake, nikawapandisha, nikapiga stata. Inagonga tu, tk tk.

Mtoto analia. Dereva aliyewaleta akasogea dirishani. "Braza, si tuiboosti tu? Mie hii gari nilikuwaga naiboosti kila asubuhi, mwaka mzima."

Utaratibu wa kazi ni kwamba betri ikifa hivyo inachajiwa kwanza ikiwa chini mpaka ipate nguvu, ndio unaruka. Ningepiga simu ofisini watume ndege nyingine. Lakini ningewaeleza nini? Kwamba nimemaliza betri kwa kuchaji simu ya mlinzi? Aibu ikanishika. Nikamwambia lete waya, tukaunganisha na betri ya gari.

Injini ikawaka. Watu wakapiga makofi. Tukaruka.

Baada ya dakika kama ishirini ikawaka taa nyekundu ya altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Betri ile iliyokauka ilikuwa inavuta umeme mwingi mno, swichi ya usalama ikaruka. Nikairudisha mara moja tu, kama tulivyofundishwa. Ikaruka tena. Nikaanza kuzima kitu kimoja kimoja ili ibaki redio.

Tulipoifikia Kimbiji, pwani ya kusini mwa Dar, nikabonyeza niongee na tower, wale waongoza ndege wa uwanjani. Sauti ikakatika katikati ya neno. Skrini zote nyeusi.

Niwatoe hofu kidogo: injini za ndege hizi zina umeme wake, hazitegemei betri. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri tu. Tatizo ni kwamba mbele yangu kuna uwanja wenye ndege kubwa zinazoshuka na kupaa, na mimi siongei wala sisikii, na hakuna anayejua kwamba nakuja. Tukikutana na mojawapo, mkono wa yule mtoto ungekuwa jambo dogo.

Niliogopa, wakuu.

Mama akanigusa bega, akapaza sauti kuishinda injini. "Kaka, mbona vyote vimezima?"

"Redio tu, dada!"

"Tutafika?"

"Tutafika!" Uhakika sikuwa nao.

Nikaanza kuzunguka hapo hapo juu ya Kimbiji, mbali na njia ya ndege kubwa. Nikatoa simu yangu. Kupiga haiwezekani kwa kelele zile, nikaandika kwa mkono mmoja kwa dada wa ofisini anayepanga safari: "Sina umeme, redio imekufa. Nipo juu ya Kimbiji. Waambie tower nakuja, wanionyeshe taa."

Tiki moja.

Nazunguka. Minazi, mabati, bahari, minazi tena. Tiki moja. Geji za mafuta nazo zimelala, nakadiria kwa saa ya mkononi. Mtoto kaacha kulia, na hilo likanitisha zaidi. Nikageuka, kumbe ananiangalia tu.

Mzunguko wa nne, tiki mbili. Kisha jibu: "Tower wanajua. Njoo, tazama taa ya kijani."

Nikapita juu ya Temeke macho yote kwenye ule mnara. Sioni kitu. Sioni kitu. Halafu ikatokea, kijani, imetulia, yaani ruhusa ya kutua. Nikatikisa mabawa kuwajibu. Flapsi za kupunguzia mwendo zinaendeshwa na umeme, kwa hiyo nikashuka bila hizo, kwa kasi kuliko kawaida. Tukagusa chini, tukadunda, tukagusa tena. Tukasimama.

Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri. Mama akanishika mikono yote miwili, analia. "Mungu akubariki kaka yangu, umetuokoa. Mwanangu, mwambie anko asante."

"Asante anko," mtoto akasema.

Nikajibu, "Poleni."

Ofisini niliandika ripoti yote, na simu ya mlinzi ikiwemo. Nikasimamishwa kurusha kwa muda, na ilikuwa haki. Fundi wetu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilichojifunza: kumsaidia yule mzee hakukuwa kosa, ningeweza kuchomoa simu baada ya dakika kumi. Kosa langu kubwa ni kuona aibu kusema nimekosea wakati magurudumu bado yako chini.

Ila yule mama hajui. Namba yangu anayo. Kila sikukuu ananitumia picha ya mtoto, mkono umepona, na chini anaandika "mwokozi wetu". Nami najibu, "Amina."

Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia? Semeni mnavyoona, hata wa kunitukana nitamsoma.