Sikio la Kwandu

Kwa miaka mingi Felisita alifundisha chekechea katika ua wa kanisa, pembezoni mwa Bariadi. Kila ulipofika msimu wa kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwita amsaidie kupima watoto. Kipimo kilikuwa kimoja, maana wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya utosi, akashika sikio la kushoto. Vidole vikifika, ameiva. Visipofika, arudi mwakani.

Felisita aliifanya kazi hiyo kwa haki. Hata mtoto wa dada yake alimrudisha nyumbani akilia.

Kwandu, binti wa Bundala, alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe pale chekechea. Alihesabu mbegu za pamba hadi mia bila kupumzika, na mwenzake akikosea alimcheka kwanza ndipo akamsahihisha. Lakini aliugua sana utotoni, akabaki mfupi kama kinu. Mwaka wa kwanza vidole vyake viliishia kwenye nywele. Mwaka wa pili, akiwa na miaka minane, alikuja na ujanja: aliinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, sikio likapanda kuufuata mkono.

Felisita aliona. Alikishika kile kichwa kwa mikono yake miwili, akakinyoosha.

"Simama wima, mama. Usituibie."

Vidole vikaachana na sikio kwa upana wa punje ya hindi. Watoto waliokuwa nyuma wakacheka. Bundala akamshika bintiye mkono, wakaondoka bila kuaga. Mwaka ule ule alihamisha ng'ombe wake kwenda Kimali kutafuta malisho, na familia yote ikamfuata.

Ikapita miaka saba. Soko huria likaingia, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani zao, chama cha ushirika kikadhoofika, na ule msaada mdogo kilioutoa kwa chekechea ukakatika. Wafadhili wa kanisa wakasema watashika nafasi yake, ila mwalimu awe amesomea. Hivyo Felisita, mwenye miaka arobaini na mmoja, akarudi kukaa kwenye benchi, kwenye kozi ya makuzi ya watoto na vijana.

Mkufunzi wao, Method, alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Wiki ya pili alifika kwenye habari ya mkono na sikio.

"Mkono unakuambia mtoto alikula nini na aliugua nini," alisema. "Haukuambii anaweza kujifunza nini."

"Sasa mwalimu, tupime miguu?" mama mmoja akauliza, darasa zima likacheka.

Felisita hakucheka. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Siku tatu baadaye alipanda lori la mnunuzi wa pamba hadi Kimali. Alikuwa amekwisha kuzungumza na parokia: kulikuwa na darasa la waliochelewa kuanza shule, na nyumbani kwake kulikuwa na kitanda. Alitaka kitu kimoja tu, Bundala ampe Kwandu.

"Mwadila, mayu," Bundala alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima, akamletea kigoda. Alimsikiliza mpaka mwisho, akichora chini kwa fimbo.

"Mayu, huyu mtoto nilikuleteeni mwenyewe kwa miguu yangu. Mara mbili. Mara mbili mkanirudishia."

"Nilikosea mimi, baba. Si yeye."

"Sikatai. Lakini ng'ombe wa watu wamo zizini tangu mwezi uliopita. Kosa lako nitawaelezaje wakwe?"

Felisita alimwomba tena. Alisema binti wa miaka kumi na mitano bado anakua, mwili na akili, kama alivyofundishwa kozini. Bundala aliitikia kwa kichwa katika kila neno, kisha akamwita bintiye amsindikize mgeni barabarani.

Kwandu alibeba mfuko wa mwalimu wake. Alikuwa amerefuka, viganja vyake vigumu kwa jembe. Walitembea hadi lilipokuwa lori, vijana wakiendelea kupakia marobota.

"Mwalimu, bado mnapima masikio?"

"Bado wanapima."

Kwandu akauweka mfuko chini. Akasimama wima, shingo imenyooka, hakuinama hata kidogo. Akapitisha mkono juu ya utosi. Vidole vikalifikia sikio, vikalipita, vikagusa shavu.

"Sasa vimefika," alisema.

Felisita akamsogelea. Akaushika ule mkono, akaushusha taratibu, wala hakuuachia mpaka lori lilipopiga honi.