Fundi wa Kompyuta na Mama Zangu Wawili

Fundi wa kompyuta katika ofisi ya nasaba, Kikwajuni, ana ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, na kila mashine ikichelewa huugonga mezani. Haulizi watu, huiuliza mashine. Nilikwenda na Dalal, dada yangu wa kunyonya, kuandikisha ukoo wetu, nikamtajia mama zangu: Bi Ruqaya aliyenizaa na Bi Saadiya, mama yake Dalal, aliyeninyonyesha. Mashine ikatoa maandishi mekundu ya kosa, ikakata shauri kuwa hao ni mtu mmoja, maana fundi mwenyewe ameifundisha kanuni kwamba kila mtu ana mama mmoja tu. Akagonga ukucha.

"Mzee, una hakika walikuwa wawili?"

"Nimewazika wote wawili!"

Zamani hata mtoto wa chuo cha Kurani alilijua jambo hili: aliyekunyonyesha ni mama yako, na wanawe ni ndugu zako, hamuoani. Fundi huyu hakuigusa kanuni yake. Alimfuta Bi Saadiya, maandishi mekundu yakatoweka, akajinyoosha kitini.

"Kosa limekwisha. Na huyu Bi Dalal, mashine inasema mnaweza kuoana."

Dalal akauondoa mkono wake begani kwangu, akajifunika uso kwa ushungi.

"Basi nshakuwa ajinabi kwako, si ndugu tena," akasema, wala hakuwa akicheka.