Simu ya Slaidi Niliyompelekea Mama

Siku hiyo siisahau, mwanangu, ingawa wakati ule niliiona ya kawaida tu. Nilikuwa na cherehani yangu pale Igoma, kwenye baraza la duka la vitambaa, nikishona sare za shule na suruali za watu wa sokoni. Umri thelathini na kitu, akili bado ya ujana. Mama yangu alikuwa kwetu Ukerewe, ng'ambo ya maji, akiishi peke yake tangu baba afariki. Akanitumia salamu kwa Mjomba Mafuru, kaka yake, kwamba anataka simu apate kunisikia. Simu yoyote, alisema, mradi itoe sauti.

Yoyote? Mimi fundi wa mjini nimpelekee mama simu yoyote? Nikajiona nimedharauliwa.

Nikaingia dukani. Muuzaji akanitolea simu ya slaidi, ile ambayo unasukuma kioo kwa kidole gumba kinapanda juu, na vitufe vinajitokeza chini yake. Bei yake ya mtu wa kawaida, sura yake ya mheshimiwa. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Niseme haki yake: kwa simu ya bei ile, ilikuwa imetulia. Nyembamba, nyepesi, inateleza bila kukwama, laini mbili, redio, hata kamera, ijapokuwa picha zake zilikuwa kama zimepigwa jikoni kwenye moshi wa kuni mbichi. Kasoro zake nazo hazikujificha. Vitufe vilikuwa bapa, kidole hakijui tano inaishia wapi na sita inaanzia wapi. Maandishi madogo, tochi haina. Tena ukiisukuma juu imepokea, ukiifunga imekata. Muuzaji alilitaja hilo kama sifa, nami nikalimeza kama sifa. Si kila king'aacho ni dhahabu, lakini mtu akishatoa pochi mfukoni huyo hasikii methali.

Nikamkabidhi Mjomba, na neno moja la kumfikishia mama: asiiache wazi hata kidogo, vumbi likiingia imekwisha.

Jumapili nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masatu, hujambo mwa..."

Kimya. Imekatika. Nikapiga tena, akaitikia shikamoo yangu vizuri tu, kisha kimya. Mara ya tatu vilevile. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Mwanangu, nilikasirika. Nikasema, kumbe mama ana kinyongo na mimi, anapokea salamu kwa sababu ni desturi, halafu ananifungia mlango. Basi, na mimi nina moyo. Nikaacha kupiga. Ningeweza kupanda meli nikamwuliza, safari ya saa chache tu, lakini kiburi kikikukalia kifuani, hata ziwa unaliona bahari. Nikakaa miezi minne.

Ndipo Mjomba Mafuru akaja kushonesha suruali. Hakuketi; nikampima kiuno mara mbili.

"Dada yangu anauliza amekukosea nini," akasema. "Anasema ukishamsalimia tu, unamkatia simu."

"Mimi? Yeye ndiye ananikatia, Mjomba!"

Mjomba akanitazama, akaitazama na tepu iliyokuwa inaning'inia shingoni mwangu. Alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha.

"Kwa suruali hii moja umenipima kiuno mara mbili," akasema. "Mama yako ulimpima lini?"

Kesho yake nilikuwa melini.

Nilimkuta mama uani, anachambua dagaa kwa kupapasa. Nikasimama mbele yake, hakunijua mpaka nilipomwamkia. Mimi mwanawe, mwanangu, hakunijua kwa macho. Kioo cha ile simu alikuwa amekifunga kwa kitambaa safi. Nikamwambia, mama, hebu nikupigie simu hapa hapa, nione unavyopokea. Ikalia. Akaifungua, akaiweka sikioni, akaitikia, halafu upesi upesi akaifunga na kuirudisha sikioni, akitega sikio, anatabasamu, anasubiri sauti ya mtu ambaye ameshamkatia.

"Mbona unaifunga, mama?"

"Si ulisema nisiiache wazi? Vumbi."

Nililia pale pale, na sikuona aibu. Miezi minne namnunia mtu ambaye kosa lake ni kunitii.

Tukavuka naye kuja mjini, nikampeleka hospitali. Daktari akapima macho, akasema la kushoto litaokolewa, la kulia tumechelewa. Nikauliza tumechelewa kwa muda gani. Akasema hilo hakuna anayejua, lakini ningemleta mapema zaidi, pengine. Hilo neno "pengine" ndilo ninalolala nalo mpaka leo. Majuto ni mjukuu, kweli, na wangu amekuwa mtu mzima sasa. Mama hakunilaumu hata siku moja. Simu nilimbadilishia, nikampa ya vitufe vikubwa yenye tochi, mbaya ya sura, na aliipenda mpaka alipofariki.

Basi sikiliza, wewe unayetaka kumnunulia mzazi simu. Siku hizi zinauzwa za kila namna, na zote zinapendeza zikiwa mkononi mwako. Lakini haitakaa mkononi mwako. Nenda kwanza ukaushike mkono utakaoitumia. Tazama vidole, tazama macho, uliza sikio lipi linasikia. Ukishamnunulia, keti naye apokee mbele yako na kukata mbele yako, mara tatu, usiagize maelekezo kwa mtu mwingine. Na ikitokea mama yako amekukatia, usimnunie. Amka uende, maana hasira ni hasara, na safari ya kwenda kumwuliza daima ni fupi kuliko unavyoidhania.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe riziki ya kuwanunulia wazazi wako wanachokihitaji, na akupe miguu ya kuwafikia, ili umwone mama yako angali anakuona.