Mpunga Tulioupanda Bagamoyo

Juzi nilimwona kijana akiwatembeza wageni ufukweni Bagamoyo, akiwaonyesha kila kitu kwa fimbo, nikamkumbuka babu.

Ujanani babu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi hapo. Kwetu Lusu, upande wa Tabora, kijana ambaye hajafika pwani alihesabika mtoto tu. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, mvua iligoma, majaruba yetu ya mpunga yakapasuka nyufa. Babu akanichukua mimi, mjukuu wake wa kike, kwa treni kisha kwa lori, nikaione njia yake.

Alinitembeza tangu asubuhi. Palinuka chumvi na samaki wa kukaanga, lakini macho yangu yalikuwa kwenye maji. Nilidhani ni mbuga ya mpunga iliyofurika, kwamba mvua yetu ilipotea njia ikanyesha huku. Alasiri maji yakaanza kurudi nyuma, yakaacha tope laini.

"Babu, yamekauka! Tupande kabla wenye shamba hawajaja!"

Leo najua kupwa na kujaa. Babu alijua tangu zamani, lakini hakucheka. Alifungua kifurushi cha mpunga tuliomletea mwenyeji wetu, akanimiminia kiganjani, akatangulia kuchimba vishimo kwa kidole gumba cha mguu. Mimi nikawa napanda na kufukia.

Tuliporudi Lusu nikawasimulia wenzangu, wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Nyamazeni," babu akawaambia. "Huyu amefika pwani. Nyie bado watoto."

Mvua iliponyesha, jaruba la kwanza alinipa nilipande mimi.