Damu ya Bawabu

Maabarani walimwita Mama Taratibu, wala si kwa kejeli. Kazi yake ilikuwa kutenga chembe nyeupe kutoka damu ya mtu mwenye afya, na chembe hizo, jamani, zina hasira za karibu. Utikise mrija kidogo tu, zimeshachachamaa. Ndiyo maana hata mlango aliufunga kwa makalio, polepole, mrija kiganjani.

Zikitulia, huzidondoshea tone la mafuta fulani. Mwili wenyewe huyatengeneza penye kidonda, kuziita: njooni, huku kuna adui. Zikiyanusa, hizo mbio. Mrija wa pili hautiwi kitu. Humo zinatakiwa zilale fofofo.

Sasa hazikulala. Wiki nzima mrija usio na mafuta uliamka kama mwenzake. Mkuu wa maabara, mtu mpole, akamwita pembeni.

"Mama, mikono imechoka. Tutakuhamishia kwenye kuosha chupa."

Mama Taratibu, aliyekwisha kula chumvi nyingi, hakubisha, lakini alilia chooni. Bila mikono ile yeye alikuwa nani pale?

Damu aliyoitumia ilikuwa ya bawabu wa getini siku zote, na bawabu alijigamba nayo hadi watu wakamchoka. Kumwacha ni kumvunjia heshima. Hata hivyo Mama Taratibu alipiga moyo konde, akaomba damu ya dereva wa maabara.

Chembe za dereva zililala. Tone likaanguka, zikakurupuka. Mama Taratibu alicheka peke yake, akakizunguka kiti akikata kiuno. Mikono mizima! Kisha akasimama ghafla. Kama mikono ni mizima, basi chembe za bawabu zilikuwa zikifika kwake zimekwisha kuitwa.

Akashuka getini. Shavu la bawabu lilikuwa limevimba, macho mekundu kwa homa. Asubuhi zote hizo, akimtoa damu, Mama Taratibu alikuwa akiutazama mkono wa bawabu tu, na sasa aibu ilimchoma.

"Jino hilo linakuuma tangu lini, kaka?"

"La kawaida tu, dada. Ningesema, mngeniacha. Geti hata kufuli linalilinda. Damu ndiyo kitu changu." Akameza mate kwa shida. "Nasikia wanataka kukutoa. Mikono inaendeleaje?"

"Mikono haina neno."

"Afadhali," akasema, na kwa mazoea akaanza kukunja shati mkononi atolewe damu.

Mama Taratibu akalikunjua taratibu, akamfungia kifungo, akamwongoza kwa daktari.