Bunker ilivyomuinamisha shemeji yangu kwenye masufuria ya pilau

Wakuu, salamu toka Mwanza. Naandika huku bado nacheka, mnivumilie. Hii ni kweli tupu, na mashahidi wamejaa tele Buhongwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nacheza gofu mwaka wa pili sasa. Aliyeniingiza huko ni shemeji yangu Deus, mdogo wa mume wangu. Kuniingiza tu, akageuka mtesaji wangu.

Shida yangu ilikuwa moja: bunker. Yale makorongo ya mchanga yaliyozunguka green, kile kiwanja cha nyasi fupi chenye shimo. Mpira ukidumbukia humo, mimi kwisha habari.

Nimekulia mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki ziwani, mama yangu anaanika dagaa. Toka utotoni kazi yangu ilikuwa kuwazoa juu ya mchanga. Ukizoa na mchanga utagombezwa mwalo mzima usikie, maana nani atanunua dagaa wa kusaga meno? Kwa hiyo mkono wangu umezoea kupita juu juu.

Sasa kwenye bunker ni kinyume. Unapiga mchanga nyuma ya mpira, mchanga ndio unaunyanyua. Mimi nikishusha fimbo, mkono unagoma. Unaparaza mpira mtupu, mpira unavuka green na kutokomea vichakani. Deus anacheka mpaka anakaa chini.

Basi kipaimara cha mwanangu kilipokaribia, tukawekeana dau la mechi moja ya gofu mbele ya familia. Atakayeshindwa ataosha masufuria yote ya sherehe, wageni wakiangalia.

Wakuu, mama mwenye sherehe, na gauni nimeshashona, niinamie masizi? Usingizi ulikata.

Siku ya mechi tukafika shimo la mwisho tukiwa sare. Mpira wa Deus ukatua green. Wangu, bunker. Nilitamani kulia.

Deus akaniuliza kwa upole kabisa kama nina glavu za kuoshea vyombo.

Nikasimama mchangani. Ndipo likanijia wazo la kipuuzi kuliko yote. Nikajiambia mpira huu ni dagaa, na dagaa wa leo si wa mama. Ni wa yule jirani aliyekuwa anatunyang'anya sehemu ya kuanikia kila msimu, acha wajae mchanga.

Nikauchota ule mchanga kwa roho mbaya yangu yote!

Ulinijaa machoni, mdomoni, mpaka kwenye nywele. Nilipofumbua macho, mpira ulikuwa umelala karibu kabisa na shimo. Deus akapaniki, akasukuma mara mbili, zote hola. Mimi nikasukuma mara moja, ukazama. Nilikimbia kuzunguka green kama nimefunga goli la fainali.

Siku ya kipaimara jamaa alifunga kanga kiunoni, kwaya nzima ikaja kushuhudia. Nikapita na gauni langu, polepole, nikamwambia pole na kazi.

Akasugua kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, ule mpira uliupigaje?"

Nikamwambia amalize kwanza sufuria la pilau, darasa litafuata.

Nilichojifunza wakuu, mkono ukishazoea jambo haubishani na maneno ya mwalimu. Inabidi uudanganye kidogo.

Wewe mkono wako umewahi kukugomea wapi? Tiririkeni. Deus naye ni member humu, anasoma kimya kimya, msimuonee huruma.