Boksi la Leodgar

Tangu amzike binti yake Happiness, miaka miwili iliyopita, Leodgar hakukalika. Fundi seremala huyu wa Kasingirima alianza kiti leo, kesho akakiacha akashika mlango. Hata chakula alikula amesimama. Mkewe Angelina alipochoka kumuuliza, alimkokota mpaka Katubuka, kwenye kikundi cha wafiwa kilichoongozwa na mshauri aitwaye Rozalia.

Siku hiyo Rozalia aliwagawia maboksi matupu ya sabuni, pamoja na rangi na gundi.

"Nje chora kile watu wanachokiona kwako. Ndani weka unachokificha. Hakuna atakayelifungua bila ruhusa yako."

Leodgar akainuka. "Dada, mimi masanduku nimetengeneza ya kutosha."

Akatoka, akazunguka uwanja mara tatu, akarudi, akatoka tena. Aliporudi mara ya pili, boksi lilikuwa palepale likimsubiri. Akalipaka nje rangi ya kahawia, akachora randa na msumeno. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa msumari mmoja, akautumbukiza ndani, akafunga upesi.

Njiani kurudi nyumbani alilihamisha boksi kutoka kwapa hili hadi lile, kana kwamba lilikuwa na moto. Walipofika, akalisukuma mbele ya mkewe.

"Fungua."

Angelina akafungua. "Msumari? Wa nini?"

"Jeneza la mtoto nililitengeneza mimi. Wewe ulikuwa bado njiani kutoka Kasulu. Nilishindwa kuendelea kuutazama ule uso, Mama Happiness. Nikapigilia kifuniko kabla hujafika. Nilikwambia wazee ndio walioamua. Nilikudanganya."

Angelina akalisukuma boksi pembeni.

"Miaka miwili, Leodgar! Miaka miwili nawanunia wazee wa watu! Mwanangu sikumuaga!"

Akajitupia kitenge mabegani, akaenda kwa dada yake aliyeishi Bangwe.

Siku tatu Leodgar alipiga randa mbao ambazo hakuna aliyeziagiza, mpaka zikawa nyembamba zisifae kitu. Mara mbili alishika njia ya Bangwe, mara mbili akageuka.

Siku ya nne Angelina akaingia karakanani bila salamu, akaketi kwenye benchi.

"Kaa," alisema. "Nieleze alikuwaje. Usiruke kitu."

Leodgar akakaa. Akaanza na nywele, zile ambazo jirani yao Agnesi alikuwa amemsuka Jumamosi ile kabla homa haijampanda. Akainuka. Angelina akamshika mkono, akamketisha tena.

"Na macho?" akauliza.

"Yalikuwa yamefumba," alijibu, na mara hii hakuinuka.